Mwanachama Niliyemzaa Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Meneja kaniita kabla sijavua koti, akageuza kompyuta yake ili nione. Kundi letu! "Uzi na Sindano", maelfu ya wanachama, wote kimya kama wagonjwa kwenye foleni. Jana niliwauliza wanashona nini wiki hii. Wakajibu wawili. Mmoja anauza viwanja. Wa pili ni huyo anayejiita Mkasi Mkali, fundi cherehani mstaafu, aliyesema swali langu limekaa kivivu.

Meneja akasema kampuni inauza cherehani na nyuzi, haiuzi ukimya. Mwisho wa mwezi kundi likiwa bado maiti, litazikwa, nami nitahamia ghala la zipu. Dada wa Matangazo, anayekaa meza ya jirani na kukinyemelea kiti changu tangu siku nilipokikalia, akakohoa. Nakijua kile kikohozi. Ni kicheko kilichovaa barakoa.

Kusimamia kundi la mtandaoni ni kazi, jamani! Nakaribisha wageni, natuliza wagombanao, nafukuza wauza dawa za nguvu. Lakini nani anaelewa? Mama huwaambia majirani kwamba mwanawe yuko "kwenye masimu". Matokeo yake wananiletea simu zilizopasuka vioo.

Jioni nimekula kwa mkono mmoja, simu mkono wa pili. Katikati ya tonge, wazo. Kama wanachama hawataki kusema, nitamleta anayesema! Nikafungua akaunti pale pale mezani. Bibi Pindo, miaka sabini, mshonaji asiyekata tamaa. Mama akauliza nacheka nini. Nikamwambia kazi.

Jumanne, 4 Machi

Bibi Pindo kaamka mapema kuliko mimi. Ameandika kwamba anamshonea mjukuu gauni la shule, mikono yote miwili imetazama nyuma, na mtoto akilivaa anaonekana kama anakimbia huku amesimama. Afanyeje?

Ee! Kundi limefumuka. Mmoja akamwambia afumue mabegani kwanza. Mwingine akasema hata yeye alishawahi kushona suruali yenye miguu mitatu, asikate tamaa. Mkasi Mkali akatoa mhadhara kuhusu mshono wa kwapa, sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Wakagombana, wakapatana, wakatumiana picha. Kufikia saa ya chakula cha mchana walikuwa wanaulizana habari za watoto.

Meneja alipita kwenye meza yangu akapiga mluzi. Hajawahi kupiga mluzi. Dada wa Matangazo hakukohoa.

Nimejifunza jambo: watu hawapendi kuulizwa maswali, wanapenda kuokoa mtu. Najisikia bingwa.

Alhamisi, 6 Machi

Tatizo. Bibi Pindo anapendwa kuliko mimi. Sana! Leo mwanachama mmoja amependekeza apewe usimamizi wa kundi, na huyu aliyepo apumzishwe. Zaidi ya mia wakaunga mkono. Mkasi Mkali akaongeza kwamba msimamizi aliyepo ni baridi kama pasi siku umeme umekatika.

Nikafuta maneno yake. Wakauliza nani kayafuta. Ikabidi Bibi Pindo ajitokeze kunitetea. Akaandika kwamba msimamizi ni kijana mzuri, mtanashati, aliyelelewa vyema. Mkasi Mkali akauliza Bibi amejuaje kwamba ni mtanashati. Bibi akaenda kuangalia chungu jikoni.

Aibu. Nimejisifu hadharani na bado sikuaminika.

Mchana ukaingia ujumbe wa faragha kwa Bibi Pindo, kutoka kwa mwanachama anayejiita Sindano Butu. Ameandika polepole, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa. Anasema mume wake alifariki, na tangu hapo hajagusa cherehani. Shati la mwisho alilokuwa akimshonea bado limo kwenye mfuko, lina mkono mmoja tu. Ameona watu wakimsaidia Bibi kurekebisha gauni la mjukuu, akapata hamu ya kuandika.

Nikataka kumjibu kwa yale maneno yetu ya ofisini, "Asante kwa ujumbe wako, tunauthamini." Vidole vikagoma. Bibi Pindo akaandika: "Mdogo wangu, mfuko huo uko wapi? Usiuweke mbali. Si lazima uufungue."

Sijui maneno hayo niliyatoa wapi.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya mapumziko lakini Bibi Pindo hapumziki. Nimeshinda kitandani na simu, nikizungumza na Sindano Butu. Mcheshi! Kasema kuna jirani yake anashona mapazia kwa kukadiria kwa jicho, na jicho lenyewe lina makengeza. Nimecheka mpaka Mama, aliyekuwa jikoni, akauliza kama niko salama. Hata yeye alikuwa anacheka huko, sijui anatazama nini kwenye simu yake.

Sindano Butu kanieleza jambo lililonikaa rohoni. Binti yake anamwita akaishi naye, mbali, safari ya siku nzima. Anafikiria kwenda. Anaishi na mwanawe wa kiume, na mwanawe si mtu mbaya. Lakini akaandika: "Hapa nyumbani nimekuwa kama kabati la sebuleni. Hakuna anayelichukia. Hakuna anayelifungua."

Nimemkasirikia sana huyo mwanawe. Watoto wengine hawana haya! Bibi Pindo alimwambia hivyo hivyo, kwa upole.

Jumatatu, 10 Machi

Ngoja niandike kwa mpangilio.

Asubuhi, niko ofisini, Sindano Butu akamsalimia Bibi Pindo. Akasema mwanawe ametoka mbio kama kawaida, chai kainywa akiwa amesimama. Halafu akaandika: "Leo amevaa soksi mbili tofauti, moja nyeusi na moja ya buluu. Sikumwambia. Angerudi kubadilisha, angechelewa, angegombezwa. Wacha wamcheke kidogo, mradi asigombezwe."

Nikacheka. Maskini, kijana wa watu!

Halafu nikainua miguu ya suruali.

Nyeusi. Buluu.

Nilikaa chooni muda mrefu hata Meneja akatuma mtu kuuliza. Mwaka jana nilimwingiza Mama kwenye kundi ili idadi iongezeke. Nilimwonyesha mara moja, haraka haraka, huku nikimwambia abonyeze hapa na hapa. Sikumwuliza amejiitaje.

Na yule mwana asiye na haya ni mimi! Nimejitukana kwa mama yangu mzazi, naye akanitetea.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata mpango. Mama asihame. Dada yangu ana nyumba nzuri, ana kiti cha kuzunguka barazani, lakini hana haki ya kunichukulia Mama. Bibi Pindo atafanya uchunguzi, mimi nitatekeleza.

Mama akamwambia Bibi Pindo kwamba kiti cha jikoni kinayumba. Jioni ile ile nikakitengeneza. Sasa kinayumba upande wa pili.

Mama akamwambia Bibi Pindo kwamba hakuna anayemwuliza siku yake imekuwaje. Nikaingia tu mlangoni, nikauliza, "Mama, siku yako imekuwaje?" Akaacha sufuria, akanishika paji la uso. Akauliza kama nimefukuzwa kazi. Nikasema hapana. Akauliza kama nimempa mtu mimba. Nikasema hapana! Akaniambia niketi, atanipikia uji.

Bibi Pindo akajaribu kunisaidia. Akaandika kwamba vijana wa leo wanawapenda mama zao kwa siri. Mama akajibu, "Huyu wangu siri anaitunza kweli."

Ijumaa, 14 Machi

Bibi Pindo kamshauri Mama afungue mfuko. Alimalizie lile shati, alipunguze kidogo, ampe mwanawe. Nilituma ujumbe nikajuta papo hapo. Mama hakujibu siku nzima.

Nilipofika nyumbani nikakuta cherehani imefunuliwa. Miaka mingapi ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cha maua, juu yake tumeweka redio! Mama akaniambia nisimame pale kwenye mwanga wa dirisha. Akanipima mabega kwa futi. Vidole vyake vilikuwa baridi. Akapima mara moja, akapima tena.

"Ni mabega yake haya," akasema. "Hata hili la kushoto lililoshuka."

Simu ikatetema mfukoni. Nikapeleka mkono.

"Usitikisike," Mama akasema.

Nikauacha mkono. Simu ikatetema, ikatetema, ikachoka. Mama akanipima mkono kutoka begani hadi kwenye kifundo, taratibu, kama mtu asiyetaka kufika. Sijui tulisimama pale muda gani. Nilikuwa nasikia pumzi yake.

Nilipotazama simu baadaye, kundi lilikuwa linaungua. Wanaokunja pindo kwa mkono walikuwa wamewatangazia vita wanaokunja kwa mashine, na Mkasi Mkali alikuwa akiwachochea wote wawili. Nikawatuliza. Mara ya kwanza tangu nianze kazi hii sikuwa na haraka.

Jumamosi, 15 Machi

Mkasi Mkali, sumu ya maisha yangu! Ameandika hadharani kwamba Bibi Pindo hajawahi kutuma picha ya uso wake, na kwamba wanachama wa karibu wajipange wakamtembelee, wampelekee vitambaa. Watu wakafurahia. Wakaanza kugawana kazi, nani ataleta keki, nani ataleta gari.

Nikamtia Bibi Pindo ugonjwa haraka. Homa. Kali, ya kuambukiza. Yuko peke yake, hataki wageni, anawashukuru wote.

Safi. Limekwisha.

Jumatatu, 17 Machi

Halijaisha! Asubuhi nimemkuta Mama sebuleni, begi limefungwa, viatu vya safari mguuni. Nikadhani anakwenda kwa dada. Nikamwuliza kwa sauti ambayo sikuitambua, kama amekwisha kuamua kuniacha.

Akasema haendi kwa dada. Anakwenda kwa rafiki yake. Ana homa, yuko peke yake, na mtu aliyemwambia maneno yale kuhusu mfuko hawezi kulala na homa bila wa kumpa maji. Kisha akanitazama machoni akasema, "Wewe si ndiye mwenye lile kundi? Niambie Bibi Pindo anakaa wapi."

Nikamwomba asubiri nikaangalie ofisini. Akasema atasubiri hapo hapo, na begi lake.

Ofisini nikafikiria kumuua Bibi Pindo. Nikaandika tangazo la msiba, zuri kabisa, hata mimi lilinitoa machozi. Nikalifuta. Mama amezika mmoja. Sitamzikisha wa pili asiyekuwepo.

Basi nikaamua Bibi asafiri. Nikaandika: "Wapendwa, homa imenizidi, wanangu wamekuja kunichukua kwenda kutibiwa nje. Msinitafute. Nawapenda, na hasa wewe Sindano Butu, kaa na mwanao, ni kijana mzuri. Wenu, Bibi Pindo." Nikatuma kwa kundi zima. Nikajinyoosha kwenye kiti.

Mkasi Mkali akajibu wa kwanza: "Pole, Bibi. Mbona leo una ndevu?"

Nikatazama. Jina lililokuwa juu ya ujumbe si la Bibi Pindo. Lilikuwa langu. Msimamizi wa Kundi, na picha yangu nimevaa tai.

Dada wa Matangazo akakohoa mpaka akaletewa maji.

Jumanne, 18 Machi

Jana sikuweza kumalizia. Leo naweza.

Niliporudi nyumbani begi lilikuwa limefunguliwa, nguo zimerudi mahali pake. Chakula changu kipo mezani kimefunikwa. Mama yuko jikoni kwenye kile kiti, anakula peke yake. Nikachukua sahani nikamfuata. Hakunifukuza.

"Kwa hiyo aliyeniambia nimalizie shati ni wewe," akasema.

"Ni mimi, Mama."

"Na aliyesema mwanangu hana haya?"

"Ni mimi."

"Na aliyesema ni kijana mzuri, mtanashati, aliyelelewa vyema?"

Nikainamisha kichwa. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Akaweka kijiko chini, akasema nimemnyang'anya rafiki. Alikuwa na mtu mmoja wa kuzungumza naye, akiamka anajua yupo, na sasa hayupo, wala hana hata kaburi la kuwekea ua. Akalia. Si kwa sauti. Alilia kama anavyoshona, ameinama.

Nilikuwa na maneno mengi ya kikazi. Nawatuliza watu kila siku, ndiyo kazi yangu! Hakuna hata moja lililofaa. Nikakaa tu. Simu niliiacha sebuleni.

Baadaye nikamwuliza leo alitaka kumwambia nini Bibi Pindo. Akasema si mambo ya kuambiwa mimi. Nikamwambia basi aniambie vile vile kama angemwambia yeye. Akanitazama, akatikisa kichwa, akasema hawezi kuusemesha uso wenye ndevu. Kisha akageuza kiti chake. Nami nikageuza changu. Tukakaa tumepeana migongo, yeye ametazama jiko, mimi nimetazama mlango.

Akanieleza. Baba alipolazwa, alikonda. Shati lilikuwa limebaki mkono mmoja, na ule mkono ulihitaji kupunguzwa. Alikwenda nalo hospitali pamoja na futi, siku baada ya siku, na kila siku alirudi bila kupima. Kuupima mkono ule mwembamba kungekuwa kukubali. Baba alijua. Siku moja alimnyooshea mkono mwenyewe, akamwambia, "Pima tu, mama watoto, sitalia." Mama akasema atapima kesho.

Nikausikia mgongo wake ukitetemeka dhidi ya wangu. Nikasema, kwa sauti ya kawaida yangu, kwamba na mimi sikuwa nimemuaga vizuri. Nilikuwa kwenye simu, koridoni. Kisha akaegemea. Uzito wake wote. Kiti kikayumba, tukakizuia kwa miguu.

Ijumaa, 21 Machi

Barua ya onyo. Meneja hakujua anikasirikie vipi, maana kundi halijawahi kuwa hai namna hii. Niko kazini, ila kila ninachoandika kitapitiwa kwanza na Dada wa Matangazo. Kanirudishia ujumbe wangu wa kwanza akiwa ameongeza koma. Ilikuwa mahali pake. Simsamehei.

Nimewaomba radhi wanachama, mistari michache. Nilitegemea mawe. Yalikuja machache. Wengine wakasema Bibi Pindo walimpenda, na gauni la mikono iliyotazama nyuma wanalikumbuka. Halafu mmoja akatuma picha ya koti lake aliloharibu kweli. Mwingine akatuma sketi isiyo na pa kuingilia. Mkasi Mkali, hata yeye, akatuma picha ya suti ya harusi aliyomshonea mteja ujanani, mguu mmoja mfupi. Akasema mteja alicheza muziki usiku kucha kwa mguu uliopinda ili watu wasijue.

Sindano Butu naye akatuma picha. Shati. Mikono yote miwili. Chini yake kaandika kwamba mkono mmoja ni mrefu kidogo kwa sababu mwanawe hajui kusimama wima.

Mama haendi kwa dada. Atakwenda kumsalimia tu, atarudi. Nimelivaa shati kazini. Limenikaa.

Jumatatu, 24 Machi

Nina mashaka mapya.

Mama na Mkasi Mkali wanaandikiana. Faraghani! Mama mwenyewe kaniambia, bila aibu, wakati tunakunywa chai, wote tumekaa. Anasema ni mjane mwenye adabu na ucheshi, na anajua mambo ya kola. Nikauliza kola zipi. Akasema kola za kawaida. Akatabasamu kwenye kikombe.

Huyu ni nani hasa? Ana nia gani na kola za mama yangu? Siwezi kumwuliza kama msimamizi, ujumbe wangu utapitia kwa Dada wa Matangazo, ataweka koma. Na sitaki Mama aumizwe. Nimeahidi kuwa mkweli kwa Mama, na nitakuwa. Kwa Mkasi Mkali sikuahidi chochote.

Nimefikiria kwa utulivu. Kosa langu la awali lilikuwa moja tu: Bibi Pindo alipendeza mno. Safari hii mambo yawe ya kiasi. Basi leo mchana amejiunga mwanachama mpya, Bi Lastiki, mjane, mtulivu, asiyejua hata kutia uzi kwenye sindano. Nimehakikisha jina mara nne kabla ya kutuma. Bi Lastiki akamwandikia Mkasi Mkali faraghani, akamsalimu kwa heshima, akamwuliza kwa mbali kama wanaume wa umri wake bado wana mawazo ya kuoa.

Jibu likaja kabla sijaweka simu chini.

"Karibu kundini, Bi Lastiki. Mama yako hajambo?"

Nimesoma mara kadhaa. Amejuaje? Lazima ni jina. Lastiki linavutika mno, halina uzito. Kesho nitajaribu mwanamume.